Makaroni Kwenye Kijiti, Pweza wa Matemwe

Katika shughuli nyingi za Unguja kuna mtu mmoja asiyeiona shughuli, naye ni mwenye shughuli mwenyewe. Wageni wameshakaa, udi umefukizwa, taarabu imeshika kasi na sare zimependeza. Yeye yuko uani mbele ya karai la mafuta, anageuza sambusa za mwisho huku jasho likimharibia wanja. Akija kutoka, watu wameshatunza, wameshacheza, wanatafuta viatu vyao. Kilichobaki ni kuoneshwa picha kwenye simu ya shoga yake.

Kosa si lake, ni la sambusa, ingawa kusema hivyo Zanzibar kunahitaji ujasiri. Sambusa, katlesi, bajia na kachori zina sharti moja lisilojadilika: ziliwe zingali moto. Zikikaa saa nzima ndani ya hotipoti hutoa jasho, zikalegea, na mgeni anayejua chakula atakula moja tu kwa heshima. Ndiyo maana kina mama hukaanga mpaka dakika ya mwisho. Dawa ni kuwa na angalau kitafunio kimoja kinachopikwa mapema, kikapangwa sinia likakamilika, na kikaliwa baridi bila kupungukiwa na kitu.

Kitafunio hicho kipo, na ni chepesi kiasi cha kuchekesha: makaroni yaliyochemshwa na kupozwa, yakatungwa kwenye kijiti pamoja na vitu vingine viwili vitatu. Marekani na Ulaya ni chakula cha kawaida cha sherehe. Huko hutunga tortellini, yaani makaroni yaliyojazwa kitu ndani, kipande cha jibini laini, tungule ndogo nzima, jani la rehani na mara nyingi kipande cha salami. Mgeni anachukua kijiti chake, anakula huku amesimama, mazungumzo hayakatiki. Hakuna sahani wala uma.

Nikikitazama kijiti hicho naona kimekosa kitu, na kitu hicho kipo Matemwe, kina minyiri minane.

Matemwe iko pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Ukipanda daladala namba 118 unapita Mahonda na Kinyasini, halafu unaiacha barabara ya Nungwi na kukata kuelekea baharini. Kijiji kimejinyoosha kando ya mchanga mrefu, ng'ombe wanapita pwani kama wenye mali, na mbele kinaonekana kisiwa cha Mnemba. Siku za bamvua maji yakitoka hutoka kweli, bahari inakimbilia kwenye mwamba na kuacha uwanja mpana wa mabwawa, majani na mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kushika pwani ya mashariki mwaka 1989 na ambacho wakulima wake wengi ni wanawake. Wakati huohuo kina mama wengine hutembea mwambani na chuma chao chenye ncha wakichokoa pweza. Wanaume huzamia wale wa maji makubwa. Pweza huishi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tu, na katika muda huo mfupi hukua haraka mno, kwa hiyo mwamba uliopumzishwa kuvuliwa kwa miezi michache hurudisha shukurani yake mapema.

Tabu ya pweza ni bei. Hoteli zinamtaka, mji unamtaka, wanunuzi wa nje wanamtaka. Ukisema upike pweza wa nazi wa kuwatosha wageni mia, utauza dhahabu. Tena ni nyama inayodanganya: kilo moja ikitoka kwenye chungu hubaki kama nusu kilo. Lakini nusu kilo hiyo ukiikata vipande vya gramu kumi kumi unapata vipande hamsini, na kipande kimoja cha pweza aliyeiva vizuri, katikati ya makaroni mawili, kinatosha mgeni aseme kala pweza. Hapo ndipo kijiti kinapomsaidia mwenye mfuko mdogo. Kinampa kila mtu sehemu yake sawasawa, na hakuna shangazi atakayepakua bakuli zima kwa ajili ya wajukuu.

Kutunga chakula kwenye kijiti si jambo la kufundishwa Zanzibar. Jioni pale Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, meza zimejaa mishkaki ya nguru, kamba na pweza. Bakuli la urojo bila vijinyama vya mishkaki juu yake lina upungufu. Ndugu zetu walio Maskati nao hununua mishkaki kando ya barabara usiku. Na vidole vilevile vinavyotunga nyama hutunga asumini, hutunga vikuba, hutunga dagaa na samaki wadogo kwenye ukuti wakapelekwa nyumbani kwa mkono. Mtoto wa Matemwe wa miaka kumi akipewa bakuli la makaroni na rundo la vijiti, kazi itakwisha kabla hujamaliza kumweleza.

Makaroni yenyewe ndiyo yanayohitaji utetezi kidogo. Kwa sisi, unga wa ngano uliokaushwa maana yake ya kwanza ni tambi, na tambi ni tamu: zimekaangwa, zikatiwa sukari, hiliki, tui na zabibu kavu, zikaliwa kwenye futari au asubuhi ya Idi. Tuliozoea hivyo tukiona makaroni na chumvi kwenye sherehe tunayatilia shaka. Wasomali wameshavuka hatua hiyo zamani. Kwao pasta ni chakula cha mchana cha kila siku, na pembeni huweka ndizi mbivu. Historia ya jambo hilo inagusa jumba letu la Sultani. Mwaka 1892 Zanzibar iliikodisha Italia bandari za Benadir, yaani Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh, na mwaka 1905 Italia ikazinunua moja kwa moja. Bandari zikaenda, makaroni yakaingia. Waitaliano wenyewe siku hizi hawako mbali: Kiwengwa, kusini kidogo ya Matemwe, imekuwa pwani yao kiasi kwamba vijana wa ufukweni huwasalimia wageni kwa Kitaliano kabla ya Kiingereza. Katika jikoni za hoteli za ukanda huo vijana wa vijijini huchemsha pasta kila siku ya Mungu, halafu wanarudi nyumbani kula ugali na mchuzi wa papa. Ujuzi unabaki getini. Mwenye shughuli Matemwe akimwita mpwa wake anayefanya kazi hotelini aje asimamie chungu cha makaroni, hatakuwa amemwomba kazi ngeni.

Kabla ya jikoni, neno moja la dukani. Tortellini zilizojazwa nyama, kama zinavyouzwa katika pakiti za kutoka nje, ni za kukwepwa na Mwislamu mpaka asome pakiti vizuri. Mjini Bologna, kwao tortellini, kichocheo rasmi kiliwekwa kwenye chemba ya biashara tarehe 7 Desemba 1974, na ndani yake kuna nguruwe kwa namna tatu: nyama ya kiuno, paja lililokaushwa kwa chumvi na mortadella. Salami nayo kwa kawaida ni nguruwe. Tortellini za jibini au mchicha hazina neno, lakini ni ghali na huanza kupasuka zikiiva kidogo tu zaidi. Kwa kazi yetu chukua makaroni makavu ya kawaida ya umbo kubwa: mrija mnene wenye mistari unaoitwa rigatoni, au yale ya parafujo. Mrija una faida yake, maana tundu lake hushika rojo. Makaroni madogo yaliyopinda ya kwenye supu ya watoto waachie watoto.

Nusu kilo ya mirija mikubwa hutosha vijiti kama mia moja ukitia miwili kila kijiti. Chemsha lita tano za maji, tia gramu hamsini za chumvi, ambayo ni vijiko vitatu vya chakula hivi, halafu mimina makaroni na ukoroge mara moja yasishikane. Hapa wapishi wa hoteli watakuambia uyatoe yangali na kiini kigumu kidogo, kama wanavyopenda Waitaliano. Kwa makaroni ya kuliwa moto wana haki. Kwa ya baridi mimi siwafuati. Wanga ukipoa hukaza, na mrija uliokuwa laini kwa kiasi chake jikoni utakuwa kama mpira saa mbili baadaye. Yaache yaive muda wote ulioandikwa kwenye pakiti, pengine na nusu dakika juu yake. Yakiwa tayari, yachuje, yamwagie maji baridi ya kunywa, yatikise yakauke, na uyapake vijiko viwili vya mafuta. Kusuuza makaroni ni haramu kwa mpishi anayetia mchuzi wa moto, kwa sababu wanga wa juu ndio unaoshika mchuzi. Kwenye kijiti wanga huohuo huyafanya yagandane na kuwa bonge moja.

Pweza ana adabu zake. Aliyepigwapigwa mwambani na kuoshwa utelezi wote anawekwa kwenye sufuria bila tone la maji, maana hujitolea maji mwenyewe ya kutosha. Usimtie chumvi, amekuja nayo. Tia tangawizi iliyopondwa, thomu, pilipili manga na jani la mdalasini ukilipata, funika, moto wa mkaa uwe wa wastani. Dakika arobaini na tano hadi saa nzima zinamtosha wa kilo moja au moja na nusu. Mchome kisu penye unene, kikiingia bila kubishana ameiva. Mwache apoe ndani ya maji yake ndipo umkate. Maji hayo ndiyo supu ya pweza, ambayo mabwana wa mjini huinunua kwa kikombe jioni kwa sababu wanazozijua wao. Mwenye shughuli anaweza kumtuliza nayo bwana harusi.

Baada ya kukatwa, vipande viloweshwe kwenye rojo ambalo ndilo litakalobeba ladha yote: fungu zima la kotmiri, punje tatu za thomu, konzi ya korosho zilizokaangwa kidogo, pilipili mbichi moja au zaidi kwa kadiri ya ujasiri wa familia, ndimu mbili, chumvi na mafuta nusu kikombe. Saga au twanga kwenye kinu mpaka iwe rojo zito. Nusu changanya na pweza, nusu changanya na makaroni. Ladha ya chakula baridi husinzia, kwa hiyo ndimu na chumvi ziwe juu kidogo ya unavyopenda. Walio hodari wa chatne ya nazi wanaweza kuiweka pembeni kwenye kibakuli, lakini waitengeneze siku hiyohiyo na kuitoa mwisho, maana nazi iliyokunwa huchacha upesi.

La tatu kwenye kijiti ni kitu cha maji maji na uchachu. Tungule ndogo nzima zikipatikana ni vyema. Tungule za kawaida zikatwe robo, mbegu zitolewe, vinginevyo zitalowesha sinia. Embe bichi lililokatwa vipande na kupakwa chumvi na pilipili linashinda zeituni za chupa kwa bei na kwa ladha, na hilo nalisema nikijua wapo watakaokasirika. Pilipili boga huleta rangi tu.

Wasiokula pweza, na wapo, watungiwe jibini. Lile la Kiitaliano la vijidonge linaloogelea kwenye maji ni la hotelini na bei yake ni ya hotelini. Nyumbani chemsha lita moja ya maziwa ya ng'ombe, na yakitokota tu teremsha, tia vijiko viwili au vitatu vya maji ya ndimu na ukoroge taratibu. Yatakatika. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi, kunja, weka jiwe juu yake saa moja au mbili. Utapata gramu 150 hadi 200 za jibini jeupe linalokatika kwa kisu, kama lile la Wahindi wa mjini. Wapo wazee wasiochanganya samaki na maziwa katika mlo mmoja. Shughulini si mahali pa kubishana nao: fanya sinia la pweza na sinia la jibini, kila mtu achague.

Ama rehani, ambayo Waitaliano hawatungi kijiti bila jani lake, mimi ningeiacha. Mrehani tunao, si tatizo la kupatikana. Lakini pua ya Mzanzibari inaijua rehani ndani ya kikuba, pamoja na asumini na kilua, kifuani mwa mwanamke aliyejipamba. Jani hilo likiingia kinywani pamoja na pweza, mgeni wa umri fulani atahisi anatafuna bibi harusi. Kotmiri imeshafanya kazi yake. Aliye na hamu ya majani apambie sinia.

Vijiti vya mianzi vinauzwa madukani, vya mishkaki virefu na vile vifupi vya kuchokolea meno. Virefu vikate katikati. Vifupi ni vifupi mno, vidole vya mgeni vitagusa chakula cha jirani. Matemwe yenye minazi kila upande haina haja kubwa ya duka. Chelewa za ukuti mbichi, zikachunwa vizuri, zikakatwa urefu wa shubiri na kuchemshwa dakika kumi, ni imara na hazina gharama. Chagua zile nene za karibu na kitako cha ukuti. Ukitunga, toboa mrija kwa upande, si kwa kufuata tundu, la sivyo utazunguka na kuteleza. Anza na makaroni, fuatisha pweza, kisha embe au tungule, malizia na makaroni mengine ya kuzuia visianguke. Acha nafasi ya kushikia. Vijiti vya watoto vikatwe ncha kwa mkasi baada ya kutungwa. Mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni ni balaa ya kujitakia.

Sasa joto, ambalo ndilo adui halisi wa kitafunio hiki. Kinachoilinda sambusa ni mafuta ya moto na kuliwa papo hapo. Chakula baridi hakina mlinzi huyo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na Wamarekani huipunguza iwe saa moja hewa inapozidi nyuzijoto 32, jambo ambalo miezi ya kaskazi halihitaji kipimo kulijua. Makaroni na wali vina kimelea chake kinachostahimili kuchemshwa na kuamka chakula kikikaa vuguvugu, kwa hiyo usidanganyike kwamba ni pweza tu wa kuogopwa. Mpango ni huu: pika asubuhi, poza haraka kwa kutandaza kwenye masinia, weka kwenye friji, tunga mchana, rudisha kwenye ubaridi. Asiye na friji ya kutosha amwendee mvuvi mwenye boksi la barafu, alioshe kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe, apange vijiti ndani ya vyombo vyenye vifuniko na barafu iwe chini na juu ya vyombo, isiguse chakula. Toa sinia dogo dogo kila nusu saa badala ya kutandika yote mara moja. Juu ya kila sinia kawa la ukili, kwa ajili ya nzi na kwa ajili ya uzuri. Wanaopenda mbwembwe huchomeka vijiti kwenye nusu ya nanasi au tikiti likasimama mezani. Picha hupendeza, lakini kawa halifuniki, kwa hiyo lisimame dakika za kupigwa picha basi.

Mfungo mosi ukiandama na harusi zikaanza kugongana, mwanamke mmoja anaweza kuwa na kadi nne za wikiendi moja, na kwenye mbili kati ya hizo akatakiwa asaidie kupika. Kwa kina mama hao hesabu ni nyepesi. Vijiti mia mbili ni kilo moja ya makaroni, kilo nne za pweza mbichi, mafungu mawili ya kotmiri na ndimu nne, na mikono ya wasichana watano waliokaa mkekani kwa saa moja na soga zao. Sambusa zisifutwe, zipunguzwe tu, zikaangwe za kutosha mzunguko mmoja wa kufungulia, karai liepuliwe saa kumi. Baada ya hapo mwenye shughuli aoge na kuvaa.

Vikibaki, na kama vilikuwa kwenye barafu muda wote, usiviache vikae siku ya tatu. Kesho yake mchana vichomoe kutoka kwenye chelewa, kaanga kitunguu na bizari kidogo, rudisha makaroni, pweza na tungule, mimina tui zito la nazi moja na uache litokote vizuri mpaka liive. Embe bichi liingie mwisho. Hayo ni makaroni ya nazi na pweza, chakula cha wale waliobaki kuosha masufuria.